Kabla Hujaifuta Diski ya Zamani

Murera, usiku wa mwisho kabla hujaondoka

Baba,

Sweta umeiona juu ya begi, basi habari ya sweta nimeimaliza. Sitakuandikia juu ya chakula cha njiani, wala kufunga mlango kwa komeo, wala watu wanaoazima chaja na kusahau kuirudisha. Unayoyajua unayajua, na usiyoyajua baridi ya Eldoret itakufundisha upesi kuliko mimi. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelizunguka miezi hii yote kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Naandika kwa mkono, kwenye fulskepu za shule, kwa sababu kwenye mashine vidole vyangu vimezoea ugomvi. Nikiviweka juu ya vile vitufe naanza kutafuta mtu wa kumpiga. Leo wa kupigwa ni mimi, na sitaki nijipige kwa ufundi mpaka watu waanze kusifu ngumi.

Nimekuita Baba tangu ulipozaliwa. Wewe ni mtoto wangu wa pili wa kiume, kwa hiyo jina lako ni la baba yangu, Njoroge, kama desturi yetu inavyotaka. Kaka yako Kariuki alipewa jina la upande wa marehemu baba yenu, na yeye sijawahi kumwambia, "Baba, njoo unywe chai." Wewe nakuambia kila siku. Walimu wenzangu pale Thika, wale wasiotoka huku kwetu, walikuwa wakicheka kusikia mama anapokea simu ya mwanawe na kusema baba. Nikawapa hotuba. Unazijua hotuba zangu. Niliwaambia kwamba jina kwetu si mapambo, kwamba mtoto akibeba jina la mzee anabeba na heshima yake, na asiyeelewa hayo akasome. Waliacha kucheka, lakini nadhani walichoka tu. Hotuba ile ilikuwa nzuri. Mtu mmoja tu hakuisikia, na ni yule aliyekuwa akiitoa. Mtu ukimwita baba, kuna maneno humwambii mbele ya watu.

Babu yako alitengeneza baiskeli nje ya kiwanda cha kahawa, upande wa juu wa Thika. Nilikusimulia hayo ukiwa mdogo, tukimenya viazi, nawe ulikuwa unanimenyea nyama yote ya kiazi pamoja na ganda. Nilikuambia kwamba hakumkabidhi mtu baiskeli yake hivi hivi. Alimwambia, "Panda kwanza. Zunguka. Kisha useme." Na kile kipuri kibovu alichokitoa, mnyororo au pedali, hakukitupa wala hakukiuza. Alikitundika msumarini mpaka mwenye baiskeli arudi na kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba baiskeli iko sawa. Kipya nacho kinaweza kukataa, alisema, na huwezi kumrudishia mtu kitu ulichokwisha kukitupa.

Ukaniuliza, "Na asiporudi kusema?"

Nikakujibu, "Basi kinabaki msumarini."

Nilikuwa nimesahau maneno hayo. Wewe hukuyasahau.

Laptop yangu unaijua kuliko mimi. Niliinunua ikiwa imekwisha zeeka katika ofisi ya watu, nikaizeesha mara ya pili. Asubuhi niliiwasha, nikatoka kuwapa kuku maji, nikarudi nikaikuta bado inazungusha kale kaduara. Nikiandika sentensi, herufi zilikuja nyuma yangu moja moja kama wanafunzi wanaorudishwa darasani baada ya mapumziko. Feni yake ililia kama kinu cha kusaga unga. Ulipotoka chuoni na kupata ile meza yako ya kutengeneza kompyuta chini ya ngazi pale Ruiru, karibu na stesheni, ukawa kila wiki unaniomba uifungue. Kila wiki nilikataa, kwa sababu nilikuwa na nadharia.

Nadharia yenyewe bado naiamini. Wenye viwanda wanaunda vitu vichakae ili turudi dukani. Wanagundisha betri, wanaunganisha RAM na ubao usiweze kuitoa, kisha wanatuambia ni maendeleo. Nilikusomea makala yangu nzima juu ya jambo hilo, nikiwa nimesimama, wewe ukila. Ukameza tonge, ukasema, "Mathe, hiyo ni kweli kabisa. Lakini pia RAM yako ni ndogo."

Nilikasirika kwa sababu ulicheka. Sasa nikiikumbuka sentensi ile naona ilikuwa hoja kamili. Maisha yangu yote nimekuwa hodari wa kuonyesha makosa ya walio juu, na mara nyingi sikukosea. Waliyafanya. Lakini pia RAM yangu ilikuwa ndogo.

Ukanieleza kwa subira ambayo sijui uliitoa wapi, maana kwangu hukuirithi. Diski yangu ya zamani ilikuwa na sahani ndani inayozunguka na kidole kinachoisoma, kama santuri, na ilikuwa imechoka. Ile ya kisasa, SSD, haina kitu kinachozunguka. Na RAM, ulisema, ni kama meza ya mwalimu: ikiwa ndogo, kila ukitaka karatasi nyingine lazima kwanza uirudishe ya kwanza kabatini. Nilikubali siku laptop ilipokata roho katikati ya makala yangu kuhusu shida ya maji. Nilikukabidhi kama mtu anayesalimisha bunduki.

Ukaanza kwa kukosea. Ulinunua RAM isiyoingia. Kale kapengo kake kalikuwa upande mwingine. Ulirudi nyumbani ukaniambia kabla hujaketi: "Mathe, nimebuy ile si yake. Ni makosa yangu, sikuangalia poa. Kesho naenda kubadilisha." Nikakutania chakula chote. Nikasema fundi asiyejua kitu kinaingia wapi heri auze mahindi ya kuchoma. Ulicheka ukaendelea kula. Nilikutazama, na nakumbuka nilichokiwaza: huyu kijana anasema "ni makosa yangu" kama mtu anayesema saa ngapi. Haimgharimu kitu. Nililiona lile kama udhaifu. Nilidhani mtu anayekiri upesi hivyo hajui thamani ya jina lake.

Ulipofungua mgongo wa mashine uliniita nije nione. Ndani ya feni mlikuwa mmejaa unga mweupe. "Hii si vumbi, Mathe. Hii ni chaki." Miaka yangu ya darasani ilikuwa imeingia mle na kuganda. Ukaipuliza, tukapiga chafya wote wawili, na sisi hatukuwa tumecheka pamoja muda mrefu. Naandika hili kwa sababu kabla ya mambo kuharibika tulikuwa na jioni ile.

Sasa lile lenyewe.

Ulijaribu kuihamisha diski nzima kama ilivyokuwa, ikakwama, ukajaribu tena, ikakwama, kwa sababu ilikuwa na sehemu zilizokufa. Basi ukaweka mfumo mpya kwenye SSD, ukanakili vitu vyangu folda baada ya folda. Ukaniuliza, "Kuna mahali pengine unaweka vitu?" Nikasema hakuna. Ukaniuliza tena mlangoni, viatu mkononi, na nikasema hakuna.

Mahali palikuwapo. Nilikuwa naweka kitabu changu kwenye pipa la taka.

Lile pipa dogo la kwenye skrini. Soma tena kama huamini. Kila nilipoandika kurasa na kuzionea haya, nilizitupa mle, ila sikulimwaga. Kesho yake nilizichomoa, nikaongeza mistari, nikaziona mbaya, nikazirudisha. Polepole pipa likawa ndilo kabati langu. Nilijiambia kwamba hakuna anayechungulia takataka za mwenzake. Wajukuu wakija kucheza michezo yao kwenye laptop, mwalimu mwenzangu akiiazima, hakuna atakayekisoma kitabu kabla sijawa tayari. Mimi, niliyekuwa nikisimama mbele ya watoto wa watu na kuwaambia wasiogope kalamu.

Na kitabu chenyewe unakijua, kila mtu Ruiru anakijua, kwa sababu nimekitangaza kwa miaka. Kitabu cha ardhi ya huku. Kahawa iliyong'olewa, ploti zilizooteshwa mahali pake, na watu kama babu yako waliotoa jasho pale na hawamo katika maandishi ya mtu yeyote. Nilikitaja harusini. Nilikitaja kwenye mazishi. Nikibishana na mtu kwenye ile grupu yetu ya wakazi mtandaoni, nilimalizia kwa kusema, "Ngoja kitabu." Mzee Gathogo wa Membley, anayeiongoza grupu ile, alikiamini kuliko mimi. Alikuwa amekwisha omba ukumbi wa kanisa kwa siku ya kukizindua na kupata mtu wa kukichapa. Aliniandikia kwa heshima, "Mwalimu, mwezi huu utupatie nakala." Ni mwezi huo huo uliponirudishia laptop.

Uliiweka mezani, ukabonyeza, ikawaka kabla sijavuta kiti. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Ukasema, "Fungua kila kitu uangalie. Ukiridhika uniambie, ndio nifute ile ya zamani."

Nililifungua pipa. Lilikuwa tupu, safi kama sahani.

Nilijua papo hapo kilichotokea. Nataka uelewe hilo, Baba, kwa maana nimekuachia miezi yote uamini kwamba sikujua. Nilijua kwamba vitu vyangu havikupotea. Vilikuwa kwenye ile diski ya zamani mfukoni mwako, na ningesema neno moja ungevileta kabla ya chakula cha usiku. Neno lenyewe lilikuwa "pipa." Ningecheka, ungecheka, na kesho ungewahadithia wenzako.

Lakini ukivileta ungeviona. Na kulikuwa na Gathogo na ukumbi wake.

Uliuliza, "Viko vyote?"

Nikasema, "Kitabu changu kiko wapi, Njoroge?"

Sikukuita Baba. Niliona uso wako ukibadilika. Ukauliza nilikuwa nimekihifadhi wapi, nikakujibu, "Pale pale kilipokuwa." Ukauliza jina la faili. Nikasema kama fundi hajui alichokiharibu, mwenye mali atajuaje? Hayo ni maneno ya mtu aliyebobea katika mabishano: unamjibu mtu swali lake kwa swali linalomtia hatiani. Nimewafundisha watoto wa shule kufanya hivyo katika midahalo, na wameshinda vikombe. Ukasema utakitafuta usiku huo huo kwenye diski ya zamani, nami nikasema, "Achana nayo. Umeshafanya ya kutosha."

Halafu nikaketi mbele ya mashine yako mpya, inayokimbia, na nikaandika. Herufi hazikuchelewa hata moja. Niliandika kwenye grupu: "Kuna mauaji yasiyo na damu. Fundi mmoja wa hapa kwetu, niliyemkabidhi mashine kwa imani, amekifuta kitabu cha maisha yangu." Nikaendelea aya kadhaa. Nikauliza ni nani anayewapa vijana hawa ruhusa ya kushika kazi za watu. Sikutaja jina. Hiyo ndiyo hila ya mwoga anayejua kuandika. Nani Ruiru hakujua fundi wangu ni nani?

Walinimiminia pole. Gathogo aliandika kwamba ukumbi utangoja, kwamba niandike upya polepole, hata ikichukua miaka, na hakuna atakayeniharakisha tena. Nilipoyasoma hayo nilihisi, Mungu anisamehe, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. Kitabu kilikuwa kimekufa kifo cha heshima. Hakuna tena ambaye angejua kwamba hakikuwahi kuzaliwa.

Watu wa Membley walianza kuja kuchukua mashine zao kwako. Sikuwaona, niliambiwa na Mama Atieno, anayeshona sare za shule pale mnapogawana nafasi chini ya ngazi. Nilikuwa nimepita kumpelekea kitambaa. Wewe hukuwepo. Aliendelea kukanyaga cherehani yake, akasema yeye ametoka kwao Siaya kutafuta maisha, hakuja kuingilia nyumba za watu. Kisha akaisimamisha.

"Lakini Mwalimu, huyu mtoto jana amekaa hapa tangu asubuhi na hajafungua hata skrubu moja. Anapanga tu bisibisi zake. Anazipanga, anazipangua."

Nikamwambia kazi ina misimu.

"Sawa," akasema. "Misimu."

Akarudi kwenye cherehani. Alinipimia kitambaa bila kunitazama.

Ningeweza kusimama siku hiyo. Ningeweza kusimama siku ulipokuja nyumbani na vitu vyako katika katoni, ukasema umerudisha meza ya watu. Nilikupikia mukimo. Hiyo ndiyo toba niliyoweza: viazi na mahindi. Uliniambia kuna rafiki yako wa chuo ana karakana Eldoret na anataka mwenzake. Nikasema wazo zuri, kijana lazima atoke. Nilikuunga mkono kwa hoja safi kabisa. Unaona? Hata kukufukuza nilikufukuza kwa hoja.

Jumapili iliyopita nilitaka nikupe picha ya babu yako uende nayo, ile amesimama na baiskeli ya posta ameishika kama ng'ombe wa mahari. Nikafungua folda ya picha, mahali ambapo siingii. Chini kabisa nikakuta folda uliyoipa jina "Za Mathe." Nilidhani ni picha zangu.

Zilikuwa kurasa zangu za kwenye pipa. Zote. Uliziokoa na kuzipanga, na majina yake ukayaacha kama nilivyoyaandika mimi. Sura ya Kwanza. Sura ya Kwanza Mpya. Sura ya Kwanza Kabisa. Sura ya Kwanza ya Kweli. Sura ya Kwanza Baada ya Pasaka. Nilishuka nayo orodha ile mpaka mwisho, na haikuwa na ya pili.

Kwa hiyo ulijua. Tarehe ya folda inaonyesha uliirudisha wiki ile ile niliyoandika juu yako kwenye grupu. Ulijua kwamba hukupoteza kitu, na ulijua nilikuwa nimeviweka wapi, na ulijua kwamba kitabu nilichokulilia mbele ya mji mzima hakipo. Ungechukua simu, ukapiga picha ya orodha ile, ukaituma kwenye grupu bila neno. Mimi ningefanya hivyo. Ningeongeza na aya tatu.

Jumatatu nilirudi kwa Mama Atieno, safari hii bila kitambaa. Nilimwuliza ulikuwa ukisema nini watu walipokuja kuchukua mashine zao. Akaniambia kuna mzee mmoja alikuuliza mbele ya wateja wake wa sare: ni kweli wewe ndiye uliyepoteza kitabu cha mama yako?

"Akamjibu nini?" nikauliza.

"Alisema, 'Mashine ilikuwa mikononi mwangu.' Basi. Akampatia laptop yake na chaja yake, akamfungia vizuri kwa karatasi."

Nilibaki nimeshika ile ngazi. Akanisogezea kiti cha wateja, akaniuliza, bila ukali, "Si unasema wewe ndiye mwandishi? Basi andika."

Tangu siku hiyo nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Jumanne nilikuja mpaka mlangoni kwako, ukageuka, nikasema usisahau chaja. Jumatano nilisema kuna mvua. Jana, tukikunja blanketi, wewe ncha hii na mimi ncha ile, tulipokutana katikati nilifungua kinywa kabisa, na nilichokisema ni kwamba blanketi hili lilitoka Thika. Mwanamke ambaye amewapigia kelele wakubwa wa kaunti kwa kipaza sauti hakuweza kumwambia mwanawe neno moja juu ya blanketi.

Nimejiuliza kwa nini. Nimesoma vitabu vya watu waliofungwa kwa kusema ukweli, na nilijihesabu katika kundi lao, kwa sababu nami nilisema ukweli mchungu. Lakini ukweli wangu wote ulikuwa wa wengine. Uliwauma wao. Ule wa kwangu niliuweka kwenye pipa na nikawa nauchungulia peke yangu. Sijui kama hiki ni funzo. Ukimpata Eldoret mtu anayenguruma kama mimi, msikilize, huenda ana haki. Kisha muulize tu mahali anapoweka vitu vyake, uone atajibu nini.

Na wewe usidhani kwamba nakupaka mafuta. Una kosa lako pia. Ulininyamazia. Najua ulifanya kwa heshima, na labda kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Lakini mtu akikuulia jina lako usimfungie maiti kwa karatasi nzuri ukamkabidhi. Mwambie. Hata akiwa mama yako. Babu yako alikuwa mpole hivyo hivyo. Nilipotoka chuoni nilimrekebisha mbele ya wageni juu ya kahawa aliyoifanyia kazi tangu ujana, na yeye akatikisa kichwa akasema, "Huenda ni hivyo, mwanangu." Haikuwa hivyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki, na alikuwa amekwisha lala kaburini. Nikajiambia, laiti ningekuwa na nafasi nyingine. Nikapewa, na jina lake lile lile, na nikamfanyia vibaya zaidi.

Leo jioni, ulipokwenda kumuaga Kariuki, nimeandika kwenye grupu. Nilianza kwa aya ndefu. Ilikuwa na ndege aliyevunjika bawa na mambo mengine. Nikaifuta. Niliyotuma ni haya:

"Niliandika hapa kwamba fundi alipoteza kitabu changu. Fundi ni mwanangu Njoroge. Hakupoteza kitu. Kurasa zangu nilikuwa nimeziweka kwenye pipa la taka la laptop na sikumwambia, na alipoziokoa alinisitiri. Kitabu hakikuwepo. Kuna sura ya kwanza tu. Mliochukua mashine zenu kwake mlichukua kwa uongo wangu."

Kisha Gathogo akauliza, "Mwalimu, simu yako imeibwa?" Nikamjibu kwamba iko mkononi mwangu. Akaandika, "Basi ukumbi nitawaachia watu wa harusi." Mtu mwingine akasema mambo ambayo sitayaandika hapa, na alikuwa na haki ya kuyasema. Mama Atieno, ambaye huwa haandiki kamwe, aliandika, "Asante." Sikumjibu yeyote. Unajua ni kazi gani kwangu kutomjibu mtu.

Sikufanya hivi ili ubaki. Ukiamka na kukuta simu yako imejaa watu wanaotaka uwarudie, hilo ni lako na wao. Karakana ya Eldoret ni kazi halali, na rafiki yako anakungoja. Nenda. Kama nimekuondoa hapa kwa uongo, sitaki nikurudishe kwa machozi. Hiyo nayo ingekuwa hila. Sikuombi unisamehe kabla ya gari la asubuhi. Ukitaka, barua hii uisome ukiwa mbali, unapoweza kuikunja na kuiweka chini bila mimi kukutazama usoni.

Kuna kitu kimoja tu nakuomba ukifanye, na ni kazi ya ufundi.

Nilipoingia chumbani kwako kuweka sweta, niliiona rafuni. Diski yangu ya zamani. Umeibandika tepu, na juu ya tepu umeandika, kwa zile herufi zako zinazoanguka upande: MATHE – BADO. Miezi yote hii ilikuwa pale. Diski kama ile ungeifuta ukaiuza, au ukaitia kwenye mashine ya mwanafunzi asiye na uwezo, hata kama ni ya kuhifadhia nyimbo. Hukuigusa. Nilisimama pale nikaelewa ulichokuwa unakingoja. Hukungoja niombe radhi. Uliniambia siku ile, nikiridhika nikuambie, na mimi sikukuambia, basi ikabaki msumarini.

Nimeitia ndani ya mfuko wa sweta, tepu ikiwa juu yake.

Baba, nimepanda, nimezunguka. Nimefungua kila kitu nikaangalia. Vitu vyangu viko vyote. Ifute.

Mama